Ree Iliyonyamazishwa

Jumapili moja alasiri, katika mtaa wa Jericho ulioko upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, nilikuwa nikingoja zamu yangu kwa kinyozi, na kwa kuwa kazi ya kinyozi haiharakishwi na mtu anayeyajali masikio yake, nilivuta kreti tupu ya soda nikaketi kando ya watu wanne waliokuwa wakicheza kadi juu ya ubao uliolazwa kwenye ndoo ya rangi. Kijana mmoja mwenye fulana ya kijani alitupa mbili ya kopa. Mzee aliyemfuatia, ambaye kwa ada ya mchezo alipaswa kuokota kadi mbili kutoka kwenye fungu, hakuokota, alichomoa ree mkononi mwake, akaiweka juu ya ile mbili taratibu kama mtu anayekomea mlango usiku, kisha akanena kwa sauti ya mtu asiyetazamia kupingwa, "Naomba maua."

"Mzee, hiyo umezuia nayo," kijana akasema. "Ikizuia haiombi."

"Esi ni esi, kijana. Tangu lini esi ikakosa kuomba?"

Mabishano yaliyozuka hapo yalidumu muda wa kutosha kinyozi kumaliza kichwa alichokishika na kumwita mtu mwingine, nami zamu yangu ikapita pasipo mimi kujali, madhali swali lililokuwa juu ya ubao ule lilinivuta kuliko wembe. Swali lenyewe, likivuliwa nguo zake za mtaani, ni hili: je, kitu chaweza kupoteza uwezo wake kwa muda na bado kikabaki kuwa ni kile kile? Na kama chaweza, ni nani anayepima huo muda, na ni nini hukumu ya mambo ambayo kitu hicho kilikwisha kuyatenda kabla ya kunyamazishwa?

Yafaa kwanza nimweleze msomaji asiyeujua mchezo huu. Wakenya huuita kadi, na wengi huuita poka, ingawa hauna udugu wowote na ile poka ya Wamarekani ya kuwekeana fedha na kufichana nyuso. Ndugu zake halisi ni ule ambao jirani zetu wa Tanzania huuita lastikadi, na ule wa karata za rangi uitwao Uno, ambao ulibuniwa mwaka 1971 huko Ohio, nchini Marekani, na mtu aitwaye Merle Robbins, ambaye kazi yake, msomaji asicheke, ilikuwa ni unyozi. Kila mchezaji hugawiwa kadi chache, aghalabu tatu au nne, na muradi wake ni kuzimaliza. Hutupa kadi inayolingana na ile iliyo juu kwa namba au kwa kundi, na asiyekuwa nayo huokota. Sisi tuliolelewa pwani twayaita makundi hayo kopa, uru, shupaza na pau, majina tuliyoachiwa na Wareno, wale wale walioanza kuijenga ngome ya Mombasa mwaka 1593. Na kadi yenye alama moja twaiita ree. Mtu wa Nairobi husema esi, na pau kwake ni maua. Mimi nimeishi Eastlands miaka mingi kuliko niliyoishi pwani, lakini ulimi ni mkaidi, na katika makala haya nitaendelea kusema ree.

Sasa, kadi hizi si sawa kwa hadhi. Nne, tano, sita, saba, tisa na kumi ni raia wa kawaida: hazina amri juu ya mtu. Lakini mbili humwokotesha anayefuata kadi mbili, na tatu humwokotesha tatu, na jokeri humwokotesha tano, ndiyo maana jina lake likitamkwa kwa haraka ya mtaani hugeuka joka, na wengi hulichukia kama joka kweli. Jeki humruka mtu. Kingi hugeuza mzunguko ukarudi ulikotoka. Nane na kwini ni maswali, na anayeuliza swali hulijibu mwenyewe, au huokota. Ree ndiyo yenye enzi mbili: ya kwanza ni kuomba, yaani kuwalazimisha wenzako wafuate kundi ulitakalo, ya pili ni kuzuia, yaani kuibatilisha adhabu ya mbili, ya tatu au ya jokeri isikufike.

Katika meza nyingi nilizopata kukaa, kuanzia Makongeni hadi Umoja, enzi hizi mbili hazitumiki kwa pamoja. Ree iliyotupwa kuzuia adhabu imekwisha kusema neno lake, na haina neno la pili. Hukumu hiyo ni nzuri kuliko inavyoonekana kwa haraka, kwa kuwa haisemi kwamba ree si ree. Kadi iliyolala pale mezani ni ree bado, na mwenye ree nyingine aweza kuifuata kwa namba. Haisemi wala kwamba imepokonywa uwezo wa kuomba milele, kwani fungu likiisha, kadi zilizotupwa zikachangwa upya, ree ile ile itarudi mkononi mwa mtu ikiwa na enzi zake zote. Kilichopotea ni uwezo mmoja, katika kutupwa kumoja, kwa sababu moja. Mzee wetu wa Jericho alikosea kwa kuichukulia enzi kuwa ni sehemu ya mwili wa kadi, kama rangi yake. Kijana aliona vema kwamba enzi ni jambo litokealo kati ya kadi na wakati.

Tena kuna kifo kidogo kingine ambacho wachezaji hawakitaji kwa jina kwa sababu wamekizoea mno. Mbili ikitupwa, na mtu akaokota mbili zake, mbili ile hubaki juu ya lundo ikimtazama mchezaji wa tatu, na mchezaji huyo haogopi. Hutupa kadi ya kopa juu yake kama angaliitupa juu ya saba. Uwezo wa kuadhibu ulikuwa wa mara moja, umelipwa, umekwisha; kilichobaki ni namba na kundi. Mtoto anayejifunza hukwama hapa kabla ya mahali pengine popote. Nimemwona binti wa miaka saba akilia kwa kudhani kwamba lazima naye aokote, maadamu ile mbili bado aiona kwa macho yake, na mama yake akamwambia, "Hiyo imeshakula mtu, mama, imeshiba." Sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya jambo hili.

Hata mchezaji mwenyewe aweza kunyang'anywa uwezo. Aliyebakiwa na kadi za kumaliza hutangaza kwa sauti, "Niko kadi!", na pasipo tangazo hilo hana idhini ya kumaliza zamu ifuatayo. Lakini akitangaza, kisha jirani akamtupia tatu naye hana ree ya kuzuia, ataokota, na tangazo lake limebatilika. Akijikusanya tena hata akakaribia kumaliza, sharti atangaze upya. Nimewaona watu wazima, wenye watoto wa shule ya upili, wakidai kwamba tangazo la kwanza linatosha kwa kuwa "nilishasema". Ulisema ukiwa na kadi moja, bwana. Sasa unazo nne.

Fikira hizi zilinirudia nyumbani jioni ile, kwa kuwa mpwa wangu wa Buruburu alikuwa amekuja kututembelea akiwa na sanduku lake la karata za kukusanya, ambazo ni bahari nyingine kabisa. Katika kadi za kawaida fungu ni moja, na sheria imo katika vichwa vya wachezaji. Katika karata za kukusanya kila mchezaji huja na fungu alilolinunua na kulipanga mwenyewe, na sheria imeandikwa juu ya kila karata. Mchezo ulioanzisha bahari hiyo ni Magic: The Gathering, uliotungwa na mwanahisabati Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast ya jimbo la Washington, Marekani. Wajapani wakafuata kwa Pokémon mwaka 1996, na Yu-Gi-Oh!, ambayo ilianza kuwa hadithi ya picha ya Kazuki Takahashi kabla ya kampuni ya Konami kuifanya karata mwaka 1999. Kwa kuwa karata zenyewe ni maelfu kwa maelfu, na kila moja yaweza kukutana na kila nyingine, watungaji wa Magic walilazimika kuandika kitabu cha kanuni chenye kurasa zaidi ya 200, ambacho mtu akikisoma kwa mara ya kwanza atadhani amefungua sheria za mirathi.

"Anko, huyu nimemfanya chura," mpwa wangu akaniambia, akaweka karata mbele yangu. Karata hiyo ilitoka mwaka 2011, na hukumu yake ni fupi: mpaka mwisho wa zamu hii, kiumbe mmoja uliyemchagua hupoteza uwezo wake wote, akawa chura wa samawati mwenye nguvu moja na ustahimilivu mmoja. Joka lirukalo angani, litemalo moto, lililomgharimu mwenyewe zamu sita kuliita, limekuwa chura. Walakini ni chura kwa zamu hii tu. Kesho, yaani zamu ijayo, atakuwa joka tena, na wala hatahitaji kuitwa upya, kwani hakuondoka.

Nilimwuliza swali ambalo ningemwuliza yule mzee wa Jericho: je, kama joka lilikwisha kutema moto, kisha ukalifanya chura kabla ya moto kufika? Mpwa wangu, ambaye ana umri wa miaka kumi na minne na subira ya kadhi, alinijibu kwamba moto utafika. Hapo ndipo penye kiini cha mambo, nami nitakaa hapo kidogo. Katika Magic, uwezo ukishatumiwa huwekwa kwenye rundo la mambo yanayongoja kutimia, na tangu hapo hauna tena haja ya aliyeutoa. Ni kama barua iliyokwisha tiwa kwenye sanduku la posta: mwandishi aweza kupigwa bubu, aweza hata kufa, na barua itamfikia mwenyewe. Anayetaka kumnyamazisha joka sharti amnyamazishe kabla hajafungua kinywa. Akichelewa, hana budi kuwa na karata ya namna nyingine, ile inayoizuia barua yenyewe njiani. Watu wengi hupoteza mchezo kwa kuchanganya dawa hizi mbili, na pesa walizozinunulia karata haziwasaidii.

Kadhalika kwa vita. Kiumbe arukaye hawezi kukingwa na watembeao chini. Sasa tuseme kipanga ameshambulia, mlinzi amekwisha kutaja wanaokinga, na hakuna aliyeweza kumkinga kipanga kwa kuwa yuko angani. Ndipo mlinzi anapotoa karata ya kumgeuza chura. Je, chura huyo sasa amekingwa? La. Saa ya kukinga imepita, na kupoteza mbawa hakuwarudishi watu nyuma waulizwe upya. Amekuwa chura asiyekingwa, anayeruka kwa miguu mpaka mlangoni mwako. Faida pekee ya mlinzi ni kwamba pigo limepungua, maana nguvu za chura ni moja. Mtu aliyetaka kumzuia kwa watembeao chini angalipaswa kumnyang'anya mbawa kabla ya saa ile, si baada yake.

Kuhusu huo mwisho wa zamu wenyewe, kuna jambo dogo ambalo laonyesha jinsi watungaji walivyopima. Majeraha ya kiumbe hufutika mwishoni mwa kila zamu, na mambo yote ya "mpaka mwisho wa zamu" nayo hukoma hapo. Kanuni yasema kwamba hayo mawili hutokea kwa dakika moja, si moja baada ya jingine. Kwa nini? Chukua kiumbe mwenye ustahimilivu mmoja, akaongezewa mitatu kwa zamu hii, akapigwa mapigo matatu. Yu hai, amebakiwa na mmoja. Laiti nyongeza ingeondoka kwanza na majeraha baadaye, angekufa kitandani, vita vikiwa vimekwisha, kwa upanga uliokuwa umerudishwa alani. Watungaji waliona dhuluma hiyo wakaikata.

Pokémon hupima muda kwa namna nyingine, ambayo mimi huipenda kwa wepesi wake. Aliyepooza hawezi kushambulia wala kurudi nyuma, na hupona mwishoni mwa zamu ya mwenyewe inayofuata, kwa hiyo daima hupoteza zamu moja kamili na si zaidi. Aliyelala hana muda uliowekwa: kati ya zamu na zamu sarafu hurushwa, na huenda akaamka leo au akalala hata mchezo ukaisha. Aliyepumzishwa benchi huachwa na hali hizo zote, kana kwamba kuketi ni dawa. Namjua mtu mmoja wa Kaloleni ambaye angeunga mkono fundisho hilo kwa moyo wake wote, na mkewe angelipinga.

Mpaka hapa tumesema juu ya uwezo mmoja na mnyang'anyi mmoja. Matata makubwa huanza wanyang'anyi na watoaji wanapokutana juu ya kiumbe mmoja. Mtu amfanya joka chura, hana uwezo wowote, kisha mwenyewe atoa karata inayosema, "Mpaka mwisho wa zamu, kiumbe huyu anaruka." Je, chura anaruka? Anaruka, kwa sababu neno la kumpa lilikuja baada ya neno la kumnyima, na kati ya maneno mawili ya daraja moja, la mwisho ndilo hushika. Lakini mpangilio ukigeuzwa, akapewa mbawa kwanza na kufanywa chura baadaye, mbawa zile nazo zimekwenda pamoja na uwezo mwingine wote. Kila neno lina muhuri wa wakati wake, kama hati ya shamba. Na ile nguvu ya ziada aliyotiwa joka kwa alama za kudumu, zile za kuongeza moja kwa moja? Hiyo haipotei, kwa kuwa alama si uwezo. Ni kitu kilichobandikwa juu yake. Chura mwenye alama moja ya namna hiyo ana nguvu mbili na ustahimilivu mbili, jambo lililomfanya mpwa wangu apigwe siku moja na chura aliyemfanya yeye mwenyewe.

Kwa ajili ya kumaliza ugomvi wa namna hii, kanuni nambari 613 ya kitabu chao huyagawa mambo katika tabaka saba, na kila kinachobadilisha kiumbe hupangwa kwa tabaka yake: kwanza kunakili, kisha umiliki, kisha maandishi, kisha jinsi ya kitu, kisha rangi, ndipo uwezo katika tabaka ya sita, na mwisho kabisa nguvu na ustahimilivu. Muhuri wa wakati hutazamwa ndani ya tabaka moja, wala haurukii tabaka nyingine. Kipimo cha ugumu wa mambo hayo ni karata moja ya mwaka 1997 iitwayo Humility, yaani unyenyekevu, ambayo huwapokonya viumbe wote uwezo wote na kuwafanya kila mmoja kuwa na nguvu moja na ustahimilivu mmoja. Neno jepesi, kama hotuba ya mahubiri, lakini waamuzi wa mchezo wameumia kichwa kwa ajili yake kwa miaka, kwa sababu hunena katika tabaka ya sita na ya saba kwa wakati mmoja, na ikikutana na karata nyingine inayonena katika tabaka nyingi, jibu haliwezi kukisiwa, sharti likokotolewe.

Yu-Gi-Oh! nayo ina hukumu zake, na mojawapo huwachekesha wanaoisikia mara ya kwanza. Iko karata ya mtego ambayo, mwenyewe akilipa alama 1,000 za uhai wake, hubatilisha athari za kila jini aliye wazi mezani. Lakini zingatia neno "mezani". Jini ambaye bei ya kutumia uwezo wake ni kujitoa mhanga mwenyewe hubatilika vipi? Habatiliki, kwani wakati wa kutimia kwa neno lake yeye hayupo tena mezani. Amekwenda makaburini, na mtego haumfuati huko. Iko tena karata nyingine inayompindua jini kifudifudi, na aliyepinduliwa kisha akafunuliwa tena huhesabiwa kama mgeni: hata kama alikuwa amenyamazishwa mpaka mwisho wa zamu, mchezo umekwisha msahau, naye husema tena. Kwa hiyo mchezaji hodari huwapindua majini wake mwenyewe, si kwa kuwaficha, bali kuwafungua ndimi.

Nisingependa msomaji adhani kwamba fikira hii ya kunyima uwezo kwa muda ilitujia kwa meli pamoja na karata za Wamarekani na Wajapani. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, linayo tangu wazee wa wazee wetu wa mwambao. Mchezaji aanzaye zamu yake kwa kula huendelea kula kila apatapo nafasi. Lakini aanzaye pasipo kula hutakata tu, na zamu hiyo nzima, hata kete yake ya mwisho ikiangukia mahali ambapo kwa kawaida angekula, hali. Mkono ni ule ule, shimo ni lile lile, kete za adui ziko pale mbele zimenona. Kilichokosekana ni idhini, na idhini huamuliwa na mwanzo wa zamu. Kisha kuna kutakasia, ambako ni elimu ya mafundi. Katika sehemu ya mtaji, mchezaji akitakata hata mwenzake asiwe na la kula, na ikawa shimo moja tu la mwenzake ndilo litakaloliwa zamu ijayo, shimo hilo limetakasiwa: mwenyewe haruhusiwi kulichezea ili kulinusuru. Halijaliwa, kete zake zimo, lakini kwa zamu moja ni kama limefungwa kwa kufuli. Kuna mashimo yasiyotakasika, kama vile nyumba yenyewe, au lile ambalo ndilo pekee la mstari wa mbele lenye kete, maana sheria haimnyimi mtu pumzi yake ya mwisho. Nyumba, kwa upande wake, ikishavunjwa haisimami tena katika mchezo ule. Hiyo ni hasara ya kudumu, na mafundi huililia kwa namna tofauti kabisa na wanavyolililia shimo lililotakasiwa.

Nikiulizwa ni sheria zipi zilizotungwa vema zaidi, nitasema kwamba kitabu cha kurasa zaidi ya 200 hakijaniridhisha kuliko bao, na kwamba kadi ya Eastlands ina upungufu ambao wachezaji wake wenyewe huufanya sifa. Upungufu huo ni kwamba hakuna kitabu. Mtaa mmoja huzijumlisha adhabu, mbili juu ya mbili zikawa nne. Mwingine humpa wa mwisho zile mbili tu. Huku ree ya shupaza huweza kuomba kadi kwa jina na namba yake. Kule ni ree kama nyingine. Basi desturi nzuri, ambayo nimeiona ikifuatwa Dandora na Kayole kuliko Jericho, ni kutaja sheria kabla ya kugawa: ree ikizuia inaomba au haiombi, jeki hujibiwa kwa jeki au hapana, aliyemaliza kwa kadi yenye amri hufanywaje. Nusu dakika inatosha. Mezani petu Jumapili ile hakuna aliyeitumia nusu dakika hiyo, na ndiyo maana tulipoteza robo saa.

Mwishowe waligeuka wakamwomba kinyozi ahukumu, kwa kuwa meza ilikuwa barazani pake. Hakuizima mashine yake. Aliuliza tu kama mzee alikuwa ameokota.

"Sijaokota."

"Basi imekufanyia kazi, mzee wangu. Anayefuata, cheza kopa."

Mzee alinung'unika, kopa ikachezwa, naye akashinda mchezo ule ule zamu tatu baadaye kwa kumi ya uru, jambo ambalo lilimsahaulisha maua. Mimi nikainuka, nikamkumbusha kinyozi kwamba nilikuwa wa pili tangu saa nane, na kwamba watu wawili wamenyolewa mbele yangu nikiwa nimekaa pale pale.

"Ulipoitwa hukusikia," akanijibu, akipangusa kiti kwa taulo. "Lakini jeki humruka mtu mara moja, na wewe nimekuruka mara mbili. Keti."